Walimu wa Lugha za Kale na za Lugha Zetu: Kutoka Yakusu Mpaka Chuo Kikuu

Mu kitabu hiki wengine wanaandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya uvuvi wa Wagenia pale kwenye maporomoko. Sisi tumechagua desturi moja ambayo watu wengi hawaihesabu kama desturi. Ni ile ya kufundisha lugha. Mji wetu una walimu wa lugha tangu zaidi ya miaka mia moja. Walikuja kwa mtumbwi, kwa mashua ya moshi, kwa treni. Wengine walizaliwa hapa hapa. Lakini mtoto wa leo akiulizwa jina la mmoja wao, atanyamaza.

Tunaandika sababu ya jambo tuliloliona kwa macho. Mwaka mmoja, kwenye shule moja ya mji huu tulikofundisha, darasa la Kilatini lilifungwa. Wanafunzi walikuwa wachache, na mzazi mmoja alisema mu mkutano: "Ile luga ilikufa zamani, itasaidia batoto na nini?" Hakuna aliyemjibu. Siku chache baadaye, katika shule ile ile, mwanafunzi aliadhibiwa sababu alijibu kwa Kiswahili. Aliambiwa aache lugha ya soko. Lugha moja inafukuzwa sababu imekufa, nyingine inafukuzwa sababu iko hai mno! Tulirudi nyumbani na swali hilo. Tuliona kwamba makosa hayo mawili ni kosa moja, na kwamba historia ya walimu wetu wa lugha inaweza kutuonyesha njia.

1. Kabla ya chuo kikuu

Kiswahili kilifika hapa mbele ya shule. Kituo cha Stanley Falls kiliwekwa mwaka wa 1883, na mwaka wa 1887 Tippu Tip alitajwa kuwa gavana wake kwa jina la Dola Huru ya Congo. Watu wake, waungwana, ndio walioacha jina la Kingwana kwa Kiswahili cha huku. Tusisahau kwamba walikuja na biashara ya pembe na ya watumwa; lugha yetu ilipita mu njia ya machozi. Lakini walikuja pia na maandishi. Tippu Tip mwenyewe alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na habari hiyo ilichapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Chini kidogo ya mji, kwa Walokele, Wabatisti wa Uingereza walijenga misioni ya Yakusu. Hapo alikaa W. H. Stapleton, ambaye mwaka wa 1903 alitoa kitabu cha kulinganisha lugha nane za kandokando ya mto, toka bahari ya magharibi mpaka hapa kwetu, akaongeza na Kiswahili kama lugha ya kutoka hapa kwenda pwani ya mashariki. Angalia vizuri: mwaka wa 1903 mtu alikuwa ameona kwamba Kisangani ni mlango. Upande mmoja lugha za mto, upande mwingine Kiswahili. Hata leo, kutoka Makiso kwenda Mangobo au kuvuka kwenda Lubunga, unabadili Lingala na Kiswahili bila kujua umebadili saa ngapi.

Upande wa Wakatoliki, Padre Gabriel Grison alifungua misioni ya Saint-Gabriel mwaka wa 1897. Pamoja na misioni za Wakatoliki kilikuja Kilatini. Mpaka miaka ya 1960 misa ilisomwa kwa Kilatini, na wazee wetu wengi, hata wale wasiojua kusoma, waliijibu bila kukosa neno. Mu seminari ndogo kijana alipewa kwanza sarufi ya Kilatini, baadaye filozofia. Mtoto wa kwanza wa nchi hii kufika mwisho wa njia hiyo wakati wa ukoloni ni Stefano Kaoze, Mtabwa wa upande wa ziwa Tanganyika, aliyepewa upadre mwaka wa 1917. Mapadre Weupe waliomfundisha walitumia Kiswahili mu misioni zao za kule. Basi Kaoze alishika Kiswahili kwa mkono mmoja na Kilatini kwa mkono mwingine. Na mbele hata ya kupewa upadre, mnamo 1910 na 1911, maandishi yake juu ya fikra za watu wake yalitoka Ubelgiji. Hakungoja mgeni aje kueleza.

2. Vyuo vikuu vitatu, na mwaka wa 1971

Chuo kikuu kilikuja kwa kuchelewa. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka wa 1954. Kile cha serikali kilifuata Élisabethville mwaka wa 1956. Cha kwetu, Université libre du Congo, kilianzishwa na Waprotestanti mwaka wa 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville. Hakikupata bahati. Mwaka wa 1964 uasi wa Simba ulichukua mji, na chuo kikakimbilia Léopoldville kabla ya kurudi.

Halafu ikafika 1971. Serikali ilivunja vyuo hivi vitatu na kuvifanya kimoja, Université nationale du Zaïre, UNAZA. Kila mji ulipewa fungu lake kama nyama ya mwindaji inavyogawanywa. Lugha na mambo ya historia viliwekwa Lubumbashi. Kisangani tukabaki na saikolojia na pedagojia, pamoja na sayansi za viumbe. Tangu siku hiyo, kijana wa hapa aliyetaka kuwa mwanafunzi wa lugha katika chuo kikuu alipaswa kusafiri.

Na safari yenyewe! Mmoja wa walimu wetu aliifanya miaka ile ya 1970, na alitusimulia mara nyingi. Treni toka Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125, sababu maporomoko ya Boyoma yanakataza mashua kupita. Pale Ubundu unapanda mashua mpaka Kindu. Kindu unapanda treni tena, Kongolo, Kabalo, Kamina, mpaka Lubumbashi. "Nilifika na vumbi hata mu masikio," alikuwa akisema, "lakini nilifika na Kiswahili cha aina tatu." Kila kituo, wauza samaki na wauza mihogo walimsemesha kwa namna yao, na yeye aliandika tofauti zao mu daftari. Alikuwa hajaingia darasani bado, na masomo yalikuwa yameanza.

Hatusemi kwamba mambo ya 1971 yalikuwa mabaya tupu. Kwa kukusanya watu wote wa lugha mahali pamoja, Lubumbashi ilipata nguvu ambayo haikuwa imeonekana. Pale kulikuwa na CELTA, kituo cha utafiti wa lugha. Pale pale, toka tarehe 22 mpaka 26 Mei 1974, wanaisimu wa nchi nzima walifanya semina yao ya kwanza na kupendekeza namna moja ya kuandika lugha zetu. Mwaka wa 1981 UNAZA ilivunjwa, na Kisangani ikapata tena chuo kikuu chake. Lakini miaka kumi si kidogo: ile desturi ya kwenda mbali kutafuta elimu ya lugha ilikwisha kuota mizizi. Kwa wengi wetu mlango uliobaki hapa mjini ni ule wa kuwa walimu, yaani ISP, ambako Kifaransa kinafundishwa pamoja na lugha za Afrika, na Kiingereza pamoja na utamaduni wa Afrika. Mlango huo si mdogo. Ndio tuliopita sisi.

3. Mtu mmoja, kazi mbili

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo lilitushangaza tulipotafuta habari hizi. Tulidhani walimu wa Kilatini na Kigiriki walikuwa upande mmoja, na walimu wa lugha za Afrika upande mwingine, kama watu wa kabila mbili wasiooana. Kumbe mara nyingi walikuwa watu wale wale.

Tuanze na Edgar Polomé, Mbelgiji. Elimu yake ilikuwa ya lugha za kale za Ulaya na ukoo wao. Toka 1956 mpaka 1961 alifundisha katika chuo kikuu cha Élisabethville, na pale sikio lake likavutwa na Kiswahili cha wafanyakazi wa migodi. Alikiandikia makala, na mwaka wa 1967, akiwa Marekani, alitoa kitabu kikubwa cha kueleza lugha ya Kiswahili. Achiel Emiel Meeussen naye alianza na Kigiriki na Kilatini kule Leuven. Baadaye alieleza sarufi ya Kibangubangu na ya Kilega, lugha za majirani zetu wa Maniema na Kivu, na mwaka wa 1967 akatoa kazi yake ya kurudisha sarufi ya mama wa lugha zote za kibantu. Alitumia njia ile ile ambayo watu wa Ulaya waliitumia kupata mama wa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti: unaweka watoto pembeni kwa pembeni, unatafuta uso wa mama.

Hao ni wageni. Tutazame wa kwetu. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alisoma Aristotle, na mwaka wa 1956 alitoa kitabu chake juu ya filozofia ya Wanyarwanda. Aristotle aligawanya vyote vilivyopo kufuatana na lugha yake ya Kigiriki. Kagame aliuliza: na Kinyarwanda kinagawanyaje? Akakuta makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: mtu, kitu, mahali, na namna. Unaweza kumpinga Kagame, na wengi wamempinga. Lakini alitufundisha kwamba ngeli zetu zinastahili kuulizwa maswali makubwa.

Na V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka wa 1941. Alisoma Lovanium, akapata udaktari Louvain mwaka wa 1970, akarudi kufundisha Lubumbashi, ambako akawa pia mkuu wa fakulte ya lugha. Mwaka wa 1979 ilitoka kazi yake juu ya neno moja tu, "hewa", jinsi maana yake ilivyotembea toka Kigiriki kupita Kilatini mpaka Kifaransa. Kuelekea mwaka wa 1980 aliondoka nchini, akawa profesa mkubwa Marekani. Kitabu chake cha 1988 juu ya jinsi Afrika ilivyobuniwa na maandishi ya wengine kimesomwa duniani kote. Alifariki Aprili 2025. Maktaba yake alikuwa ameitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mtu alikwenda, vitabu vikarudi.

4. Ngoma ya Yakusu

Mtu anaweza kusema: mambo hayo ni ya Lubumbashi na ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Turudi basi Yakusu.

Mwaka wa 1938 alifika huku Mwingereza John Carrington. Alijifunza Kilokele mpaka akajua kupiga lokole, ile ngoma ya mti yenye midomo miwili, na mwaka wa 1949 alitoa kitabu chake juu ya ngoma zinazosema. Baadaye alifundisha pia katika chuo kikuu hapa mjini. Alichokieleza, wazee wa Kilokele walikuwa wakikijua siku zote, lakini hawakuwa wamekiandika. Kilokele kina sauti ya juu na sauti ya chini. Ngoma haina a wala o, haina k wala s. Ina juu na chini tu. Sasa neno la mwezi na neno la kuku yote mawili yana juu-juu. Msikilizaji wa kijiji cha ng'ambo atajuaje? Mpigaji anaongeza maneno: ule mwezi unaotazama dunia toka juu, au yule kuku mdogo mwenye kulia kiokio. Kila kitu kina jina lake refu la ngoma, na jina hilo halibadiliki.

Mwalimu wetu wa Kilatini, yule wa treni, aliposoma habari hii darasani alifunga kitabu na kutuambia habari za Homer. Mshairi yule wa Wagiriki naye haachi jina likae peke yake: Achilles ni mwenye miguu ya mbio hata kama ameketi. Kwa muda mrefu wasomi walishindwa kueleza sababu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kusikiliza waimbaji wasioandika, akaonyesha kwamba maneno hayo yaliyofungwa pamoja ni chombo cha mtu anayetunga kwa mdomo. Sababu za Homer na sababu za mpigaji wa Kilokele si moja: huyu anatafuta kipimo cha wimbo, yule anatafuta kueleweka. Lakini wote wawili ni mafundi wa jina lililo tayari. Mwalimu alimaliza hivi: "Mnaona, watoto wangu? Homer anaeleweka vizuri zaidi Yakusu kuliko Brussels." Tulicheka. Leo hatucheki tena, sababu vijana wa Kilokele wanaoweza kusoma ngoma hiyo kwa sikio tunawatafuta kwa taa.

Na mwalimu huyo? Alikuwa na daftari nyingi: methali, majina ya ngoma, maneno ya wavuvi, na zile daftari za treni. Mnamo Juni 2000, katika ile vita ya siku sita ambamo majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana mu mji wetu, bomu moja lilianguka kwenye parsele yake. Yeye na jamaa yake walipona. Daftari ziliungua. Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari bado. Tulikwenda kumpa pole, tukamkuta ameketi kwenye kiti nje, na alisema neno moja tu: "Ningewapa ninyi mnakili." Neno hilo linatufuata mpaka leo.

5. Mwalimu aliyesahihisha

Sasa tumjibu yule mzazi wa mkutano, hata kama tumechelewa.

Kilatini hakikufa kama mtu anavyokufa. Kilibadilika mu midomo ya watu wa soko. Tunayo orodha ya zamani iliyoandikwa na mwalimu mmoja ambaye jina lake limepotea. Iko na masahihisho 227: semeni hivi, msiseme vile. Tunamwona kabisa, na fimbo yake, amechoka na wanafunzi wake. Lakini maneno mengi aliyoyakataza ndiyo yaliyoshinda. Namna aliyoikataza ya kusema "sikio" ndiyo mama wa neno la Kifaransa oreille. Kosa la mwanafunzi limekuwa lugha ya diploma yetu!

Mwanafunzi wa Kisangani anasema: "Bitabu yetu mbili ilipotea." Tunamsahihisha: "Vitabu vyetu viwili vimepotea." Tunafanya vizuri, sababu Kiswahili sanifu kitamfungulia milango ya Dodoma, Nairobi na Bujumbura. Lakini tusimwambie kwamba amesema ovyo. Upatanisho wa ngeli umepungua mu Kiswahili chetu kama vile miisho ya majina ilivyopungua mu Kilatini cha Gaul, na "ba" ya batoto imekuja toka lugha za jirani, zina sheria zao. Mwalimu aliyesoma Kilatini anajua habari hiyo mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana anaweza kusahihisha bila kudharau. Na mwanafunzi anayejua kwamba Kiswahili kinaonyesha uhusiano wa maneno kwa mwanzo wa neno, atashika upesi kwamba Kilatini kinauonyesha kwa mwisho wake. Tumejaribu darasani. Ukianza na vitabu vyetu viwili, halafu ukaandika libri nostri kando yake, hakuna anayelala.

6. Tufanye nini

Katiba ya 2006 inataja lugha nne za kitaifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Mbili kati yake zinasemwa kila siku mu mji wetu, na zaidi yake kuna Kilokele, Kienya, Kimbole, Kikumu na nyingine. Kuandikwa mu Katiba ni heshima, lakini Katiba haiandiki sarufi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, wazazi wasiwakataze watoto kuingia sekshoni ya Latini-Filo eti ni lugha ya wafu. Wafu hao ndio wanaotueleza walio hai. Pili, wenzetu walimu wasimwadhibu mtoto sababu ya Kiswahili chake au Lingala yake. Wamfundishe na kile cha shule, asipoteze cha nyumbani. Tatu, na hili ni kwa chama chetu na kwa vijana wa ISP na wa chuo kikuu: kila mmoja achukue daftari moja, aende kwa mzee mmoja, na aandike. Akimaliza, anakili mara mbili. Moja ikae kwake, moja ikae mahali pengine.

Yule mzee wa treni hatunaye tena. Mwaka huu tumeanza daftari yetu ya kwanza ya majina ya ngoma, pamoja na wanafunzi sita, kwa mzee mmoja wa upande wa Yakusu. Ina kurasa kumi na tisa. Nakala yake ya pili tumeiacha kwa dada mmoja, mwalimu wa Lubunga, ng'ambo ya mto.